Kasri la Egerton: Jumba la Kiingereza lililohamishiwa Njoro

KASRI la Lord Egerton liko Ngata, kilomita zipatazo 14 kutoka mjini Nakuru, upande wa Njoro. Ni jengo la mawe lenye vyumba 52, kwa hesabu wanayopewa wageni. Ujenzi wake ulianza mwaka 1938 ukakamilika mwaka 1954. Mwenyewe, Maurice Egerton, aliishi humo kwa miaka isiyozidi minne kabla ya kufariki Januari 30, 1958. Hakuacha mke wala mtoto.

Wanaolizuru kasri hilo husimuliwa kisa cha mapenzi. Inasemekana Bwana Egerton alimchumbia binti wa ukoo wa kifalme wa Austria, naye alipooneshwa nyumba ya kwanza akaidharau na kuifananisha na kizimba cha kuku. Bwana huyo akaapa kujenga jumba linalomfaa mtoto wa mfalme, lakini bibi arusi hakurudi. Hadithi hiyo hutofautiana kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine, na ndiyo iliyolipa jengo umaarufu wake. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Egerton alizaliwa mwaka 1874. Msingi ulipochimbwa alikuwa na umri wa miaka 63 au 64, na paa lilipokamilika alikuwa anaikaribia miaka 80.

Umbo la kasri hilo lina asili nyingine, kongwe kuliko uchumba wowote. Kwa zaidi ya karne tatu makabaila wa Uingereza walikuwa wamejenga desturi ya kuzitumia nyumba, bustani na mandhari kutangaza kwamba ardhi ni yao. Desturi hiyo ndiyo iliyovuka bahari na kufika Njoro, na chimbuko lake ni jumba alilorithi Egerton katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Jumba hilo huitwa Tatton Park.

KIJIJI KILICHOTOWEKA

Ardhi ya Tatton, karibu na mji mdogo wa Knutsford, iliingia mikononi mwa ukoo wa Egerton mwaka 1598 kupitia kwa Sir Thomas Egerton, mwanasheria aliyepanda hadi kuwa mmoja wa wakuu wa sheria katika serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Makao ya enzi hizo yangalipo. Ni nyumba yenye ukumbi mkubwa na paa la mbao nzito, inayojulikana kama Jumba Kongwe.

Kando ya Jumba Kongwe palikuwa na kijiji cha wakulima. Hakikuchomwa wala kubomolewa kwa siku moja. Kilipungua kaya baada ya kaya kadiri uwanja wa bwana ulivyopanuka, hadi pakabaki nyasi tupu. Wataalamu wa mambo ya kale wamepachimba na kupachunguza, na hata leo mtu akitembea hapo jua likiwa chini ataona bonde jembamba ilikopita barabara ya kijiji, pamoja na matuta palipokuwa na nyumba. Wageni wengi hupita juu yake wakidhani ni ardhi ya asili isiyowahi kukaliwa.

Jumba jipya lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 18, mwaka 1716 au karibu na hapo, mahali pengine ndani ya uwanja huohuo. Mrithi wa baadaye, Samuel Egerton, alikuwa ameipitisha sehemu ya ujana wake huko Venice, Italia, akifunzwa kazi na mfanyabiashara Joseph Smith, wakala mkubwa wa michoro. Kutoka huko zilikuja picha mbili za mchoraji Canaletto ambazo zingali Tatton. Samuel ndiye aliyempa kazi Thomas Farnolls Pritchard, msanifu ambaye pia alichora daraja mashuhuri la chuma la Coalbrookdale. Pritchard alikipamba chumba cha kulia kwa nakshi za lipu zilizojipinda kama mizabibu. Chumba hicho ndicho kilichonusurika pale mabwana waliofuata walipobadilisha karibu kila kitu kingine.

Mabadiliko hayo yaliletwa na wasanifu wawili wa ukoo mmoja. Kuanzia miaka ya 1780 Samuel Wyatt alichora jumba la mtindo wa Kirumi na Kigiriki wa kale, lenye mawe yaliyochongwa laini, kuta zisizo na mapambo mengi na baraza ya nguzo ikitazama kusini. Kazi ilisimama njiani. Samuel Wyatt alifariki mwaka 1807, na mpwa wake Lewis Wyatt akaichukua na kuikamilisha katika muongo uliofuata. Ramani ya awali ilitaka uso wa jengo uwe na safu 11 za madirisha, lakini zilijengwa 7 tu. Mgeni asiyeambiwa hawezi kujua kwamba jumba analolistaajabia limepunguzwa kwa zaidi ya theluthi moja. Samani zilitengenezwa na kampuni ya Gillows ya Lancaster, na nyingi zingali katika vyumba vilevile zilikokusudiwa kukaa.

BUSTANI INAYOSEMA

Ni katika bustani na uwanja ambapo siri ya majumba haya hujitokeza wazi zaidi. Msomaji wa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, hahitaji kufundishwa kwamba mpangilio wa makao ni lugha. Katika boma la Kikamba, thome, yaani uwanja wa wazee nje ya lango, humwambia mgeni aketi wapi, asalimiwe na nani na aishie wapi kabla hajaruhusiwa kuingia ndani. Makabaila wa Kiingereza nao walikuwa na lugha yao, ila waliizungumza kwa miti, maji na maelfu ya ekari.

Mwanzoni bustani zao zilikuwa za mistari iliyonyooka, kwa kuiga Ufaransa na Uholanzi. Katika karne ya 18 mtindo ukageuka. Lancelot Brown na wenzake waling'oa mistari hiyo wakaweka nyasi zilizotambaa hadi mlangoni, ziwa linalopinda na miti iliyopandwa kana kwamba imejiotea yenyewe. Ili mifugo isifike dirishani bila ya ua kuonekana, palichimbwa mtaro uliofichwa, upande mmoja ukuta na upande wa pili mteremko. Mtu aliyesimama sebuleni aliona nyasi zikiendelea bila kikomo, na jicho lake likajumlisha kila kitu kilichokuwa mbele yake kuwa mali ya mwenye nyumba.

Mtaalamu aliyeitwa Tatton mnamo 1791 alikuwa Humphry Repton. Alikuwa na mbinu ya kibiashara iliyomtambulisha kote Uingereza. Kila mteja aliandikiwa kitabu chenye jalada jekundu, ndani yake picha za rangi zilizobandikwa vipande vya karatasi vinavyofunuka. Kipande kikiwa kimelala, mteja aliona shamba lake lilivyo. Akikifunua, aliona litakavyokuwa. Watu wengi waliufurahia ufunuo huo kuliko kazi yenyewe, kwani baadhi ya mapendekezo ya Repton hayakutekelezwa kamwe.

Katika kitabu cha Tatton, Repton alieleza waziwazi kile ambacho wenzake walikiacha kimyakimya. Alisema mandhari ya jumba kubwa lazima imwoneshe mgeni ukubwa wa mali ya bwana, na akashauri kwamba hata mawe ya kuhesabia maili kando ya barabara yachongwe nembo ya ukoo. Ushauri huo ulimletea dhihaka. Mwaka 1794 Richard Payne Knight, kabaila na mshairi, alichapisha utungo mrefu kuhusu mandhari, na katika maelezo yake akamkejeli Repton kwa kuyageuza mawe ya barabara kuwa vyeti vya umiliki. Knight mwenyewe alikuwa na ardhi tele. Kilichomkera kilikuwa kuitangaza kwa sauti ya juu mno.

Karne ya 19 iliongeza mapambo. Lewis Wyatt alijenga nyumba ya vioo ya michungwa mwaka 1818. Bustani ya Kiitaliano yenye ngazi na chemchemi, inayohusishwa na Joseph Paxton aliyechora Jumba la Kioo la London la 1851, iliwekwa mbele ya baraza ya kusini, na nyumba ya kangaga ikajazwa mimea mirefu kutoka New Zealand. Nyuma ya kuta za matofali kulikuwa na bustani ya jikoni, ambako wafanyakazi walikuza mananasi chini ya vioo kwa joto la makaa ya mawe, usiku na mchana. Tunda ambalo leo abiria wa Thika hununua kupitia dirisha la matatu lilikuwa mezani pa Tatton ishara ya utajiri usio na mipaka.

Mwaka 1910 kulikuwa na maonyesho makubwa ya Japani na Uingereza mjini London. Alan Egerton, babake Maurice, aliyatembelea, na muda mfupi baadaye bustani ya Kijapani ikaanza kutengenezwa Tatton, ikiwa na kibanda cha chai, madaraja na hekalu dogo la Kishinto. Bustani hiyo ilikarabatiwa mwaka 2001 na huhesabiwa miongoni mwa zilizo bora za aina yake barani Ulaya.

BWANA WA MWISHO

Maurice Egerton alirithi jumba hilo pamoja na cheo mwaka 1920, akiwa wa nne na wa mwisho kukishika. Hakuwa mtu wa sebuleni. Alipenda magari tangu yalipoanza kuonekana barabarani, akajuana na ndugu wa familia ya Wright waliobuni ndege, na mwaka 1910 akapata cheti nambari 11 cha urubani nchini mwake. Alisafiri, alipiga picha na aliwinda. Nyara zake za uwindaji zilikuwa nyingi kiasi kwamba katika miaka ya 1930 aliongeza ukumbi mzima Tatton kwa ajili ya kuzitundika. Huo ndio mchango wake mkubwa katika usanifu wa jumba la mababu zake. Vichwa vya wanyama wa Afrika na Asia vimepangwa ukutani hadi darini.

Moyo wake ulikuwa umekwishahamia Kenya, na katika miaka ya 1920 alijipatia mashamba makubwa Njoro. Hakuwa mtu wa kwanza kutoka Cheshire kufika huko. Lord Delamere, ambaye makao ya ukoo wake yalikuwa Vale Royal katika jimbo hilohilo, alikuwa amepewa ekari 100,000 za Njoro mwaka 1903. Tofauti yao ni kwamba Delamere aliishi kwanza katika vibanda vya udongo na nyasi, fedha zake zikiishia kwenye kondoo, ng'ombe na ngano.

Kama ilivyokuwa Tatton, ardhi hiyo ilionekana tupu baada ya kutolewa watu. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa na kupelekwa Laikipia na kusini, na baada ya mapatano ya 1911 wale wa Laikipia nao wakahamishwa. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Kilichochukua karne kadhaa katika Tatton kilifanyika Njoro ndani ya muda ambao mtoto huzaliwa na kuanza shule.

MWAKA 1938

Kasri la Njoro si nakala ya Tatton kwa vipimo, kwani ni dogo zaidi. Kilichoigwa ni mpango wa maisha, yaani jumba la mawe lililojitenga na barabara, uwanja wa nyasi wa kulitanguliza, ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba, vyumba vya wageni wasiohesabika na sehemu ya watumishi isiyoonekana na wageni hao. Wasanifu wa Kiingereza wa karne ya 18 walichukulia kwamba jumba la aina hiyo lingekuwa na familia, kodi za mamia ya wapangaji, majirani wa hadhi sawa na mrithi. Kasri la Njoro lilikuwa na bwana mmoja tu. Ukumbi wa dansi katika nyumba ya mtu asiyeoa, tena ajulikanaye kwa kutopenda kuwaona wanawake karibu na makao yake, ni jambo ambalo hata kisa cha binti wa Austria hakilielezi vya kutosha.

Ujenzi ulikatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ukarejelewa vilipokwisha, na ukamalizika nchi ikiwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, vita ambavyo kiini chake kilikuwa ardhi.

Mwaka ulioanza ujenzi huo unakumbukwa Ukambani kwa sababu nyingine. Wakamba walikuwa wametengewa 'hifadhi' za Machakos na Kitui, Kyuso ikiwa upande wa Kitui. Kule hapakuwa na mlowezi wa kujenga kasri. Karibu zaidi na Nairobi, kwenye vilima vya Mua na kuuzunguka mlima wa Kilimambogo, malisho ya zamani yalikuwa yamegeuzwa mashamba ya wazungu. Bwana mkubwa wa upande huo alikuwa William Northrup McMillan, mzaliwa wa Marekani, ambaye kaburi lake lingali juu ya mlima huo. Mifugo ya Machakos ikasongamana na udongo ukachakaa. Badala ya kurejesha malisho, serikali ya kikoloni iliamuru mwaka 1938 kwamba ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kikiwasubiri Athi River.

Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, kwenda Nairobi kutaka kuonana na gavana. Walipiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na mpango wa kuwauza ng'ombe kwa lazima. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, ndani ya koloni moja, mtu mmoja aliruhusiwa kuwa na mandhari ya kutazama kutoka dirishani, na wilaya nzima ikaambiwa ng'ombe wake ni wengi kuliko nyasi zake.

SHULE KABLA YA KASRI

Ni haki kusema kwamba kasri si kitu pekee alichokiacha Egerton. Mwaka 1939 alitoa ekari 740 za Njoro kwa ajili ya shule ya kilimo. Shule hiyo ilikusudiwa vijana wa kizungu, na ilibaki hivyo kwa miaka mingi. Ilianza kutoa stashahada mwaka 1950, ikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton mwaka 1955, na ni mwanzoni mwa miaka ya 1960 ambapo milango yake ilifunguliwa kwa watu wa kila rangi kutoka Afrika Mashariki yote. Mwaka 1987 bunge la Kenya lilikifanya kuwa Chuo Kikuu cha Egerton. Maelfu ya wataalamu wa kilimo, wakiwemo wengi waliotumwa kuhudumu katika maeneo kame kama Kyuso, wamesomea katika ardhi iliyotolewa bila wao kufikiriwa.

Egerton alipofariki, nyumba zote mbili zilikosa mrithi wa damu. Tatton aliiusia taifa kupitia shirika la National Trust, ambalo huhifadhi majumba ya kihistoria nchini Uingereza, na serikali ya jimbo ikakabidhiwa uendeshaji. Tayari watu wa kawaida walikuwa wamekwisha kukanyaga nyasi zake kwa namna ambayo Repton asingeweza kuiwazia. Wakati wa vita uwanja huo ulitumiwa kufundishia askari wa miavuli kutoka kituo cha Ringway, na maelfu yao waliangukia humo. Mwaka 1999 yalianzishwa hapo maonyesho makubwa ya maua ya chama cha kifalme cha bustani. Uwanja wa ekari zipatazo 1,000 ungalipo ukiwa mzima, pamoja na kulungu wake.

Kasri la Njoro nalo lilikuja kuwa mali ya chuo, na limeorodheshwa miongoni mwa turathi za kitaifa. Wanafunzi huletwa kwa mabasi kulitazama, na mwishoni mwa juma maharusi hupigwa picha kwenye nyasi ambazo mwenye nyumba hakuwahi kumpitisha bibi arusi wake. Tofauti kubwa na Tatton inaonekana mtu akigeuka na kutazama nje. Sheria za kikoloni zilizowazuia Waafrika kumiliki ardhi katika nyanda hizo zilianza kuondolewa mwaka 1960, na katika miongo iliyofuata mashamba ya eneo hilo yaligawanywa na kuuzwa. Mandhari iliyokuwa sehemu ya jumba sasa ni ya wenye viwanja vya Ngata, wenye nyumba za mabati, ng'ombe wawili watatu wa maziwa, mahindi na sukuma wiki hadi karibu na ua.